Ufunguo wa Gesi Kwenye Pindo la Kanga

Niliporudi kutoka Afrika Kusini nilirudi na vitu viwili ambavyo nyumbani kwetu havikuwahi kuonekana: diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, niliyoisomea jioni huku mchana nikifua mashuka ya hoteli, na gari lenye kitanda, jiko, sinki na friji ndani yake. Diploma iko ukutani kwenye karakana yangu Bariadi, ndani ya fremu ya kioo. Gari nililiendesha mwenyewe nikapita Botswana na Zambia, nikaingia Tunduma, na kutoka Tunduma sikulizima kwa muda mrefu mpaka lilipofika uani kwa mama, nje kidogo ya Lagangabilili. Hakuna mtu aliyenichangia hata lita moja ya petroli. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaosema nilibebwa.

Baba mdogo alikuja kutoka Ngulyati kuliona. Alilizunguka taratibu kama anayekagua ng'ombe wa mahari, akachungulia ndani, akafungua kila mlango. Kisha akasema, "Umekaa kwa watu miaka yote hiyo, umeturudia na choo kinachotembea."

Uani wote walicheka. Mama alimjibu kwa niaba yangu, hata hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa anapepeta. "Na wewe umekaa hapa miaka yote hiyo, shemeji, chako hakijasimama."

Mama yangu ndivyo alivyo. Mtu mwembamba, mpole, anayependa kutaniwa ili apate nafasi ya kujibu.

Miaka kadhaa kabla sijarudi aliambiwa ana sukari, akaanzishiwa sindano za insulini, asubuhi na jioni. Insulini haitaki joto, na nguzo za umeme upande wetu zimeishia barabarani. Akafanya alivyofundishwa kliniki: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, juu kitambaa kibichi, na vyote viko kwenye kona yenye kivuli. Dawa yake ilikaa humo na ilikaa vizuri. Lakini chungu kile hakikuweza kusafiri, na yeye asingeweza kukiacha. Kwa hiyo mama akawa mtu wa kutoka asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama.

Hilo lilimuumiza kwa sababu ya dada yake. Mama mkubwa anaishi upande wa Nyashimo, kwenye vitongoji vinavyoelekea ziwani, na miguu yake siku hizi inamfikisha mlangoni na kumrudisha kitandani. Kwa watu wa rika lao, kumtembelea ndugu ni kulala kwake. Ukifika ukala ukaondoka siku hiyohiyo, watasema alipita tu, kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Mama aliwahi kujaribu. Aliweka dawa kwenye chupa ya chai iliyojazwa barafu, akapanda basi, akalala. Barafu ikayeyuka, dawa ikaharibika bila yeye kujua, akarudishwa nyumbani akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi. Tangu hapo alikuwa anapita tu. Dada yake alikuwa hasemi kitu, na kutosema huko ndiko kulikomkaa mama rohoni.

Sasa mimi nilikuwa na friji inayotembea. Nilimwambia atalala kwa dada yake mpaka achoke mwenyewe.

Friji ya gari lile haifanani na zile za dukani. Haina kompresa, hainung'uniki. Inapoza kwa kuchemsha: mwali mdogo wa buluu nyuma yake unapasha dawa iliyo kwenye mabomba, na dawa hiyo ikizunguka inachukua joto lililomo ndani na kulitoa nje. Nikiwaeleza watu kwamba moto ndio unaogandisha barafu, hunitazama kama ninawauzia shamba la mtu. Inatumia umeme wa ukutani ukiwapo, umeme wa gari injini ikiwa inaunguruma, na gesi ya mtungi gari likiwa limeegeshwa. Moto wake unapumulia nje, kwenye matundu yaliyo ubavuni mwa gari. Na ubavuni hapohapo, hatua chache tu kutoka kwenye matundu, ndipo ulipo mfuniko wa tanki la petroli. Mtu aliyelichora gari lile hakuwa na diploma yangu.

Sheria basi ni rahisi. Kabla gari halijaondoka, unafunga koki ya mtungi. Njiani friji itumie umeme wa gari. Ukifika sheli unazima injini, friji inakaa bila chochote, na hakuna mwali wala cheche mpaka utoke. Sheria hii niliifuata nchi nne bila kukosea.

Mama hakuiamini friji mara moja. Aliijaribu kwanza kwa maziwa, kama mtu anayemjaribu mkwe. Maziwa yalipokaa bila kuchacha, akataka ajue kuiendesha mwenyewe, nami nikamfundisha, kwa sababu siku nyingi nilikuwa karakana. Nilimwonyesha taa ndogo ya kijani inayowaka friji inapotumia umeme wa gari. Nikamwambia, taa hii ikizimika ujue friji haili kitu. Geuza kitufe hiki kwenye alama ya moto, kibonyeze ukishikilie, halafu gonga hiki mpaka uone buluu kwenye kidirisha. Akarudia kama anayesoma katekisimu. Baada ya muda ikawa kila nikirudi jioni na kuzima injini uani, nikishuka kufungua koki ya mtungi yeye alikuwa tayari ndani, amepiga magoti mbele ya friji, anagonga. Hata viatu sijavua, moto umeshawaka. Niliwasimulia mafundi wenzangu mjini kwamba mama yangu, ambaye hajaenda shule zaidi ya madarasa ya mwanzo, anawasha friji ya gesi wasiyoijua wao.

Siku ya safari nilioga, nikavaa shati jeupe. Nilipotoka nilikuta majirani wameshapakia. Nyuma ya gari kuna sanduku la chuma linalobeba mtungi, mfuniko wake unafunguka kwa juu, na juu ya mfuniko huo walikuwa wamefunga magunia ya michembe, yale maviazi ya kukaushwa ambayo mama mkubwa anayapenda kuliko nyama, pamoja na mchele na debe la karanga. Kamba zilizungushwa kwa ustadi wa watu wanaofunga mizigo ya pamba kwenye mikokoteni. Nilitaka yashushwe ili nifunge koki. Mama akasema mzigo wa zawadi ukishafungwa na majirani hauguswi mpaka ufike kwa mwenyewe. Watasema nini, kwamba mzigo umetushinda? Nikatazama saa, nikatazama zile kamba. Kitufe cha gesi ndani kilikuwa kimezimwa. Nikajiambia inatosha.

Tukatoka. Mama hakutaka kukaa mbele. Alikaa nyuma, kwenye kiti kilicho karibu na friji, mkanda umempita kifuani, macho kwenye taa ya kijani. Vichupa vyake nilivipanga kwenye mlango wa friji, nikavizungushia kipande cha kitenge, kwa sababu ukuta wa nyuma hugandisha, na insulini iliyoganda ni ya kutupa sawa na iliyopata joto. Nilimsikia akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo, akikatiza kila tulipokutana na tuta.

Bariadi niliingia sheli. Nikazima simu, nikazima injini, nikashuka. Mhudumu wa pampu alikuwa binti mchangamfu, na nyuma yangu alisimama dereva wa lori la mbegu za pamba aliyetaka kujua hili ni gari la wagonjwa au la maiti. Nilimweleza. Nilimweleza kitanda, nikamweleza sinki, nilikuwa nimefika kwenye friji. Binti alikuwa ameshafungua mfuniko wa tanki na anauinua mkono wa pampu.

Nikasikia, tak. Tak. Tak.

Sauti ile ya kuwashia friji ninaifahamu kuliko sauti ya simu yangu. Ilitoka kwenye matundu ya ubavuni.

"Dada, rudisha pampu," nilisema. "Usimimine. Funga tanki."

Alinitazama usoni, akarudisha, akafunga. Ninamshukuru mpaka leo kwamba hakuuliza kwa nini. Mimi nikaenda nyuma ya gari. Koki ilikuwa wazi chini ya magunia yote yale. Nilikuwa na kisu kidogo cha karakana mfukoni, nikakata kamba za majirani moja baada ya nyingine. Gunia la kwanza likaanguka likapasuka, michembe ikatawanyika sakafuni mpaka kwenye matairi ya lori. La pili nikalivuta. Nikainua mfuniko, nikafunga koki mpaka mwisho. Ubavuni ile tak tak iliendelea kidogo, ikapunguza kasi, ikanyamaza, maana haikuwa na cha kuwasha tena.

Sikuwasha injini. Dereva wa lori, binti wa pampu na mimi tukalisukuma gari mpaka upande wa pili wa uzio, kwenye kivuli cha fundi pancha, na mama ndani yake ameketi wima kama bibi harusi. Dereva alikuwa anahema. "Hili friji lenu lina uzito wa deni," alisema, akarudi kwenye lori lake huku akiokota mchembe mmoja na kuutia mdomoni.

Nilifungua mlango wa nyuma. Mama alikuwa amerudi kupiga magoti mbele ya friji, kidole kiko kwenye kitufe.

"Moto umekataa," alisema. "Ulikuwa umeanza, ukafa."

"Nimeuua mimi. Mama, hapa ni sheli. Petroli ina mvuke, huuoni, unatembea chini chini. Ungeukuta moto wako tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Akatazama nje, kwenye pampu, kwa yule binti aliyekuwa anafagia michembe yetu kwenye turubai ili isipotee. Nikamwona anaelewa.

"Taa ilizimika," alisema taratibu. "Uliniambia ikizimika nisikusubiri."

"Nilikuambia ukiwa uani."

"Uliniambia hii ni nyumba. Tangu uje unawaambia watu hii ni nyumba. Mimi nyumbani kwangu moto ukizima ninauwasha."

Alishuka, akakalia benchi la fundi pancha, akaikunja kanga yake magotini. Kisha akasema jambo ambalo nililiogopa kuliko ule mwali.

"Nirudishe nyumbani, ng'wanone, mwanangu. Dada atanielewa. Amezoea."

Nilianza kumweleza kwa maneno ya darasani. Kuta za friji, unene wake, jinsi zinavyokataa joto. Nikamwambia ninayo diploma ya vitu hivi, kwamba friji iliyofungwa vizuri hukaa baridi muda mrefu bila moto wala umeme.

"Diploma yako ilikuwepo hata sasa hivi," alisema. "Ile chupa ya chai nayo waliniambia inatunza. Waliandika hata kwenye boksi."

Hapo nikaacha kueleza. Nikamwambia kitu kimoja: tukae hapa hapa. Friji imezimwa yote, gesi imefungwa, injini imezimwa, jua linapanda. Hatutafungua mlango wake. Tutakunywa chai, tutakula, na akiridhika kwamba muda umepita wa kutosha, atafungua mwenyewe na kushika dawa kwa mkono wake. Ikiwa imepata joto nitamrudisha Lagangabilili na sitalizungumza tena.

"Nitashika mimi?"

"Utashika wewe."

Tukakaa. Mama lishe wa jirani alituletea chai na chapati. Mama akanywa yake bila sukari, akampa fundi pancha mchembe, akamsalimu, akamuuliza wa ukoo gani, wakagundua bibi zao walichota maji kisima kimoja. Binti wa pampu alipopata nafasi alikuja na michembe yetu iliyofungwa kwenye turubai, akapiga goti kidogo, akamsalimu mama kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Mama akamwitikia, akamuuliza ya kwao, ya wazazi, ya mifugo, kisha akamwomba radhi. Binti akasema hakuna shida, ila mara nyingine aombe kiberiti, watampa na cha kuwashia. Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Nilifurahi kusikia kicheko kile, ingawa kwa jinsi nilivyoona, jambo lile halikuwa la kuchekwa.

Jua likafika utosini. Bati la fundi pancha likaanza kulialia kwa joto. Ndani ya gari kulikuwa kama tanuri. Nami nikiwa nimekaa pale nimetulia kama mtaalamu, shati jeupe lilikuwa limenishika mgongoni, na sikuwa na uhakika kuhusu mpira wa mlango wa friji, ambao ulikuwa wa zamani, ambao nilipanga kuubadilisha tangu nilipovuka mpaka.

Mama alisimama. Akapanda ndani peke yake, mimi nikabaki mlangoni. Alifungua friji, akaingiza mkono ndani ya kitenge, akatoa kichupa kimoja. Hakukitazama. Alikigusisha shingoni, chini ya sikio, pale wanapowapimia watoto homa. Akakaa hivyo kwa muda.

"Kinauma kwa baridi," alisema.

Akakirudisha, akafunga mlango, akaubonyeza kwa kiganja kuhakikisha. "Twende. Dada asije akala peke yake."

Kabla hatujaenda tulipanga upya. Magunia yaliingia ndani, chini ya kitanda, majirani waseme watakalo. Sanduku la mtungi nikalitia kufuli nililonunua duka la pembeni. Nilikuwa naingiza ufunguo kwenye pete ya funguo zangu mama aliponyoosha mkono.

"Huo niachie. Wewe ukianza kuhadithia gari lako unasahau."

Akaufunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, mahali anapofunga vitu asivyotaka vipotee. Kisha akapanda mbele, akakaa pembeni yangu, na taa ya kijani akaipa mgongo. Tukarudi kwenye pampu, nikajaza tanki, injini imezimwa, friji imezimwa. Mama hakugeuka nyuma hata mara moja. Ila mkono wake ulikuwa juu ya lile fundo.

Tulifika kwa mama mkubwa jua likiwa linalegea. Alikuwa ameketishwa mlangoni, amevaa gauni la sikukuu. Friji za aina ile hazitaki gari liegemee upande, dawa ya ndani haizunguki, kwa hiyo nilianza kutafuta mahali tambarare uani, nikaweka pima maji sakafuni, nikachomeka mbao chini ya tairi moja, nikapima tena. Mama mkubwa alinitazama kwa muda.

"Huyu mwanao," alimuuliza mdogo wake, "anapika au anajenga?"

"Analaza dawa yangu, dada. Haitaki kulala kilima."

"Dawa inalala hapa?"

"Inalala. Na mimi nalala."

Mama mkubwa alimwita mjukuu akamwambia achinje jogoo mkubwa, si yule mdogo aliyekuwa amefungwa mguu pale tangu asubuhi. Nikaelewa kwamba yule mdogo alikuwa ameandaliwa kwa ajili ya mtu anayepita tu.

Mama akaenda nyuma ya gari, akafungua fundo, akafungua kufuli, akafungua koki. Akaja ndani akapiga magoti, akageuza, akabonyeza, akagonga. Mama mkubwa alikuwa ameomba abebwe aje aone. Alikaa ngazini, akachungulia kidirisha, akauona mwali wa buluu, akauliza kama kweli kitu hicho ndicho kinachotoa baridi. Mama akamweleza. Alitumia maneno yangu yote, mpangilio wangu wote, hata ile namna yangu ya kunyoosha kidole, na sikumsahihisha popote kwa sababu hapakuwa na pa kusahihisha.

Asubuhi niliwakuta wawili wameketi kwenye kitanda kimoja, migongo imeegemea ukuta, bakuli la michembe ya karanga katikati yao. Mama alijichoma sindano yake dada akimshikia kanga. Walikuwa wamekesha wanazungumza. Sauti ya mama mkubwa ilikuwa imekauka.

Mama alilala mpaka akachoka mwenyewe, kama nilivyomwahidi. Au tuseme hakuchoka, ila karakana iliniita na mpunga wake nao ulikuwa shambani. Wakati wa kuondoka mama mkubwa alituongoza mpaka mwisho wa ua kwa miguu yake, umbali ambao wajukuu walisema hajauenda siku nyingi. Alimwambia mama, "Msimu wa michembe mipya uje na hiyo nyumba." Kisha akanigeukia, "Na wewe uje ukipenda."

Tulipokaribia Bariadi nilianza kusoma mshale wa mafuta. Sikuwa nimesema neno. Mama akagonga dashibodi kwa vidole viwili.

"Simama hapa."

"Koki nimeshaifunga tangu kwa mama mkubwa. Umeniona."

"Nimekuona. Simama."

Nikasimama kando ya barabara. Alishuka, akaenda nyuma, nikamwona kwenye kioo akifungua pindo, akiinua mfuniko, akijaribu koki kwa mkono wake mwenyewe. Akafunga, akapanda. Tukaingia sheli, nikazima injini, taa ya kijani ikazimika nyuma yetu.

Binti wa pampu alikuwa yuleyule. Hakunisalimu mimi kwanza, mwenye gari, mwenye diploma. Alienda upande wa mama, akapiga goti.

"Mayu, leo nimimine?"

Mama akainua pindo la kanga dirishani, akamwonyesha fundo.

"Mimina, mwanangu."